Bakteria anayejificha ndani ya mlinzi: maswali kuhusu makrofaji, kifua kikuu na taifodi

Kila asubuhi, kabla ya saa mbili, dirisha la maabara ninayofanyia kazi huku Temeke huanza kupokea vikopo vya makohozi. Anayeleta kikopo mara nyingi huleta na swali. Wengine huuliza dawa zitachukua muda gani, wengine huuliza mbona walichanjwa utotoni na bado wameugua. Wanafunzi wa kidato cha sita nao hunijia na maswali ya kitabuni. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mwezi, kwa sababu karibu yote yana mzizi mmoja: bakteria hawa hawapigani na mlinzi wa mwili wakiwa nje, wanaishi ndani yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe ni seli iitwayo makrofaji.

Makrofaji ni nini hasa?

Ni aina ya seli nyeupe ya kinga. Jina lake limetoka kwenye Kigiriki, maana yake "mlaji mkubwa". Ina upana wa takribani mikroni 20, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Bakteria wa kifua kikuu ana urefu wa mikroni 2 hadi 4 tu, kwa hiyo mmoja anamezwa bila shida na nafasi inabaki.

Makrofaji zimetapakaa mwilini: kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, kwenye ini, bandama, uboho, chini ya ngozi. Kazi yake ya kila siku ni usafi. Chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, zikizeeka humezwa na makrofaji za bandama na ini. Vumbi dogo unalolivuta ukiwa kituoni Buguruni likifika chini kabisa mapafuni, ni makrofaji inayolizoa. Naomba hili likae kichwani mwa msomaji, kwa maana ndiyo njia bakteria wanayoitumia: makrofaji ni seli iliyozoea kumeza kimyakimya, na vingi inavyomeza si adui.

Aliyeelewa kwanza kwamba seli za namna hii ni walinzi ni Élie Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichomeka miiba midogo kwenye mabuu ya kiti cha pweza. Mabuu hayo yanaonekana ndani kama kioo, na alipochungulia kwenye hadubini alikuta seli zimekusanyika kuuzunguka mwiba. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich. Mwaka huohuo wa 1882, tarehe 24 Machi, Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu, na ndiyo maana tarehe hiyo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Koch huyo baadaye alifika hapa Dar es Salaam, miaka ya mwisho ya 1890, akichunguza malaria.

Kwani bakteria wote hawakai ndani ya seli?

Hapana. Wa kipindupindu hukaa ndani ya utumbo lakini nje ya seli, anamwaga sumu yake huko huko. Wanaojua kuishi ndani ya makrofaji ni wachache, ila ni wale wanaotusumbua muda mrefu: wa kifua kikuu, wa ukoma, *Salmonella* wa taifodi, *Brucella* anayepatikana kwenye maziwa mabichi ya ng'ombe na mbuzi, *Listeria*, *Legionella*. Kila mmoja ana mbinu zake. Nitawazungumzia zaidi wa kifua kikuu na taifodi, kwa kuwa ndio ninaokutana nao.

Makrofaji inajuaje kwamba imemeza bakteria na si vumbi?

Inapapasa. Juu ya ngozi yake na ndani ya vifuko inavyomezea kuna protini zinazoitwa vipokezi vya Toll. Kila kipokezi kinatambua kitu ambacho bakteria anacho na binadamu hana. Kimoja hushika mafuta na protini za ukuta wa bakteria wa kifua kikuu. Kingine, TLR4, hushika laipopolisakaraidi, yaani ule mchanganyiko wa mafuta na sukari unaofunika bakteria kama *Salmonella*. Kingine hushika flajelini, protini ya mkia wanaoogelea nao.

Jina Toll lilitokana na nzi wa matunda. Mwaka 1996 Jules Hoffmann na wenzake walionyesha kwamba nzi aliyekosa jeni iitwayo Toll hufa kwa ukungu unaomtafuna. Miaka miwili baadaye Bruce Beutler akaonyesha kuwa panya wana kipokezi cha ukoo huohuo kinachotambua laipopolisakaraidi. Wote wawili walipata Nobel mwaka 2011. Mimi huwa naguswa na jambo hili: nzi wa kwenye embe lililoiva na mtoto wa Mbagala wanalindwa na mitambo ya ukoo mmoja.

Kipokezi kikishaguswa, taarifa inakwenda hadi kwenye kiini cha seli, jeni za vita zinafunguliwa, na makrofaji inaanza kutoa sitokini, yaani vijumbe vya protini vinavyoita wenzake. Baadhi yake hufika kwenye kituo cha joto ubongoni, ndipo homa inapoanza.

Bakteria wa taifodi analijua hilo. Amejivika koti la sukari liitwalo Vi, linaloifunika laipopolisakaraidi yake isipapaswe vizuri. Hii ni sababu mojawapo ya taifodi kuingia polepole, mtu akawa anatembea na kwenda kazini kwa wiki moja au mbili kabla ya homa kumlaza.

Na kama bakteria amevunja kifuko alichomezewa, akaingia ndani kabisa ya seli?

Hapa ndipo penye utamu wa elimu hii, naomba nikae kidogo.

Chukua nyumba ya uswahilini, ya vyumba sita na kibaraza mbele. Ukikuta kandambili za mtu usiyemjua pale kibarazani, si habari. Wageni huja. Ukizikuta zilezile chini ya uvungu wa kitanda chako, unapiga yowe hata kabla ya kumwona mwenyewe. Kandambili ni zilezile, mahali ndipo palipobadilika. Makrofaji inafikiri hivyohivyo. Kipande cha bakteria ndani ya kifuko cha kumezea kinaamsha tahadhari ya kawaida. Kipande hichohicho kikionekana kwenye saitoplazimu, yaani ule ute wa ndani ambao bakteria hana ruhusa ya kufika, kinaamsha hatari ya daraja la juu.

Walinzi wa huko ndani ni wengine. NOD1 na NOD2 hunasa vipande vya peptidoglikani, matofali ya ukuta wa bakteria. Protini iitwayo cGAS hunasa DNA. DNA yetu hukaa ndani ya kiini na ndani ya mitokondria, kwa hiyo DNA inayoelea ovyo kwenye ute ni ushahidi kwamba kuna kitu kimepasuka. cGAS ikiishika inatengeneza kijumbe kidogo kinachoiamsha protini nyingine, STING, na seli inaanza kumwaga sitokini ziitwazo interferoni. Bakteria wa kifua kikuu hunaswa kwa njia hii, maana akitoboa kifuko DNA yake huvuja.

Wapo NAIP na NLRC4, wanaofanya kazi kama jozi. Hawa hunasa flajelini, na pia hunasa sindano. *Salmonella* ana kitu kama sindano ya protini anachochomea kwenye seli ili aingize vijumbe vyake vya hila. Sindano hiyo ndiyo silaha yake kubwa, na ndiyo inayomchongea. Ndiyo maana *Salmonella* akishajiweka vizuri ndani huzima utengenezaji wa mkia, na hutumia sindano ya aina nyingine isiyotambulika kirahisi.

Tena kuna protini iitwayo kaspasi-4, inayoshika laipopolisakaraidi moja kwa moja ikiikuta kwenye ute. Husaidiwa na protini zinazoitwa GBP, ambazo humzingira bakteria aliyetoroka na kumganda mwili mzima kama siafu.

Njia ninayoipenda kuliko zote haimtazami bakteria hata kidogo. Utando wa kifuko una sukari upande wake wa ndani tu. Kifuko kikiwa kizima, hakuna anayeziona. Kikichanika, sukari hizo zinachomoza kwenye ute, na protini zinazoitwa galektini zinazishika papo hapo. Makrofaji inakuwa imejua kwamba ukuta umebomolewa bila kujali aliyebomoa ni nani. Bakteria anaweza kubadilisha koti, mkia na sindano, lakini hawezi kutoboa ukuta bila kuacha tundu.

Ikishagundua, inafanya nini?

Inafanya mambo mengi kwa pamoja. Kifuko chenye bakteria, fagosomu, huunganishwa na vifuko vya tindikali na vimeng'enya viitwavyo laisosomu. Kipimo cha pH hushuka hadi kati ya 4.5 na 5, ukali wa kutosha kwa vimeng'enya kumegua protini za bakteria. Wakati huohuo mtambo uliopo kwenye utando humwagia humo oksijeni iliyogeuzwa kuwa sumu. Watoto wanaozaliwa na hitilafu ya mtambo huo huugua maambukizi mazito mara kwa mara, na kwa hao hata BCG, chanjo ya kifua kikuu, inaweza kuleta madhara.

Njia nyingine ni njaa. Makrofaji inasukuma madini ya chuma na manganizi yatoke ndani ya kifuko, kwa kuwa bakteria hawezi kuishi bila hayo. Hutengeneza pia kemikali iitwayo itakoneti, inayoziba njia bakteria wa kifua kikuu anayoitumia kula mafuta.

Na kama bakteria ameshatoka kwenye kifuko, hufungwa upya. Galektini na alama za protini ndogo iitwayo ubikuitini huita utando mpya umzunguke, kisha mzigo wote unapelekwa kwenye laisosomu. Mchakato huu wa seli kujila sehemu yake yenyewe unaitwa otofaji, na Yoshinori Ohsumi alipata Nobel mwaka 2016 kwa kuuchambua katika hamira.

Ni kweli seli inaweza kujiua ili kuokoa mwili?

Kweli. Walinzi wale wa ndani, wakishahakikisha hatari, hukusanyika kuwa mtambo mmoja uitwao inflamasomu. Mtambo huo huamsha kimeng'enya kinachoikata protini iitwayo gasdemini D, na vipande vyake hutoboa matundu kwenye utando wa seli. Maji yanaingia, seli inavimba na kupasuka. Bakteria anapoteza maficho, na kwenye matundu hayo hutoka sitokini za homa, hasa interlukini-1, zinazoita seli nyingine zije zimmalize akiwa hadharani.

Gharama yake ni kubwa. Zikipasuka nyingi kwa pamoja, tishu huharibika, na homa inaweza kumwelemea mgonjwa. Mwili unatembea kwenye ukingo mwembamba hapa, na daktari anayetibu maambukizi mazito anatembea nao.

Kama ulinzi ni mkali hivyo, kifua kikuu kinashindaje?

Kwa subira na kwa uchokozi, vyote viwili.

Subira kwanza. Bakteria wengi wa kawaida hugawanyika ndani ya dakika kadhaa. Huyu huchukua karibu siku nzima kugawanyika mara moja. Ukuta wake una nta nzito. Akishamezwa, anazuia fagosomu isikutane na laisosomu. Jambo hili lilionekana mwaka 1971, pale Armstrong na D'Arcy Hart walipochunguza makrofaji kwa hadubini ya elektroni: vifuko vyenye bakteria wafu viliungana na laisosomu kama kawaida, vyenye bakteria hai vingi havikuungana. Badala ya kushuka hadi 5, pH hubaki karibu na 6.2 au 6.4. Ni kama mpangaji aliyekorofishana na mwenye nyumba, akabadilisha kitasa cha chumba.

Uchokozi unafuata. Ana mtambo uitwao ESX-1, unaotoa protini ESAT-6 na kuutoboa utando wa kifuko. Hapo cGAS inamnasa, kama nilivyoeleza, na ungedhani amejikaanga. Lakini interferoni inayotoka kwa njia hiyo ni ya aina ya kwanza, inayofaa zaidi dhidi ya virusi, na ikizidi hupunguza nguvu ya majibu yale ambayo yangemuua. Kwa maneno mengine, anakubali kugunduliwa ili aitiwe kikosi kisichomfaa mwenye nyumba.

Basi kikosi kinachofaa ni kipi? Na VVU inaingiaje hapa?

Kikosi kinachofaa ni seli nyeupe nyingine za kinga, seli T aina ya CD4. Makrofaji ikishammeng'enya bakteria, hata kidogo, huweka vipande vyake juu ya ngozi yake na kuvionyesha. Seli T inayovitambua hutoa interferoni gama, na hiyo ndiyo kibali. Bila kibali, makrofaji nyingi hubaki zimembeba bakteria bila kumuua. Zikikipata, fagosomu zinaungana na laisosomu, GBP zinazalishwa kwa wingi, otofaji inapamba moto.

Kasoro ni muda. Mpaka seli T zifundishwe kwenye matezi, ziongezeke na kufika mapafuni, wiki kadhaa zinakuwa zimepita.

VVU inaua hizohizo CD4. Mtu mwenye makrofaji nzima lakini asiye na CD4 za kutosha ni kama mwenye walinzi wasiopata amri. Ndiyo sababu kila anayeishi na VVU anatakiwa kuulizwa kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kukonda kila anapofika kliniki, na ndiyo sababu kuanza ARV mapema kunapunguza kifua kikuu. Naliandika hili nikiwa na uchungu, kwa kuwa nimepokea makohozi ya watu waliokaa miezi wakiogopa kupima VVU.

Nikiambukizwa, lazima niugue?

Hapana. Inakadiriwa robo ya watu wote duniani wameshawahi kuambukizwa bakteria huyu, na kati ya kila watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 tu ndio huugua katika maisha yao. Kwa wengine makrofaji na seli T hujenga kivimbe kidogo kiitwacho granuloma na kumzungushia ukuta.

Zamani tulifundishwa kwamba granuloma ni gereza. Uchunguzi wa viluwiluwi vya samaki wadogo waitwao zebrafish, ambao nao miili yao inapitisha mwanga kama yale mabuu ya Messina, ulionyesha upande wa pili: makrofaji mpya zinazokuja kwenye granuloma changa humeza zile zilizokufa pamoja na bakteria wao, kisha huondoka na kuwasambaza. Gereza hilo mwanzoni linaweza kuwa stendi ya mabasi.

Kinachoshikilia ukuta ni pamoja na sitokini iitwayo TNF. Dawa mpya za baridi yabisi zinazoizima TNF ziliamsha kifua kikuu kwa baadhi ya wagonjwa, jambo lililoripotiwa mwaka 2001. Leo mgonjwa hupimwa kwanza kabla ya kupewa. TNF hiyohiyo iliwahi kuitwa kachektini, kutokana na kukondesha. Ikizidi mwilini mtu hupukutika nyama, na kwa mgonjwa wa kifua kikuu hiyo ni sehemu ya sababu ya suruali kumlegea.

Nilichanjwa BCG, nina kovu begani. Mbona nimeugua?

Albert Calmette na Camille Guérin walimlea bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe kwenye maabara ya Lille, Ufaransa, kwa miaka 13 hadi akapoteza ukali, na mwaka 1921 chanjo ikatolewa kwa mtoto wa kwanza. Baadaye sana ikajulikana alichopoteza: kipande cha vinasaba chenye sehemu ya mtambo wa ESX-1. Kwa lugha ya nyumba yetu, huyu ni mgeni asiyetoboa ukuta. Anaifundisha kinga, ila hafundishi yale yanayotokea ukuta ukibomoka.

BCG humlinda mtoto mdogo dhidi ya kifua kikuu cha ubongo na kile kinachosambaa mwilini, na kwa hilo peke yake mama asikose kumpeleka mwanawe. Kwa mtu mzima, ulinzi wake dhidi ya kifua kikuu cha mapafu ni mdogo na hautabiriki.

Jiji letu limechangia kutafuta kilicho bora. Utafiti wa DarDar uliofanyika hapa kati ya 2001 na 2008 uliwahusisha zaidi ya watu 2,000 wanaoishi na VVU waliokuwa wamechanjwa BCG utotoni. Waliopewa nyongeza ya chanjo iliyotengenezwa kwa bakteria wafu wa ukoo wa karibu walipata kifua kikuu kilichothibitishwa kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 39. Lengo lake kuu, kuzuia kifua kikuu kilichoenea mwilini, halikuthibitika. Hata hivyo ulionyesha kwamba makrofaji na seli T za mtu mzima bado zinafundishika.

Wiki ya nane sasa, kikohozi kimekwisha. Kwa nini nimeze dawa miezi sita?

Dereva mmoja wa bodaboda aliniuliza hivi akiwa bado amekaa juu ya pikipiki, injini inanguruma. Nilimwomba azime, nikamweleza, na nitaeleza hapa kwa ukamilifu uleule.

Kikohozi hukoma mapema kwa kuwa bakteria walio hadharani, wale wanaogawanyika, hufa kwanza. Waliobaki wako ndani ya makrofaji na ndani ya granuloma, wamepunguza mwendo wa maisha karibu na kusimama. Dawa nyingi huua bakteria akiwa anajenga kitu: ukuta, protini, mafuta. Asiyejenga hana pa kupigwa. Unamsubiri.

Miezi miwili ya kwanza ni dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Pirazinamidi ina sifa ya ajabu: hufanya kazi vizuri penye tindikali. Pale makrofaji inapofaulu kushusha pH, inaiwashia dawa hii taa. Miezi minne inayofuata ni rifampisini na isoniazidi, kuwasaka wanaoamka mmoja mmoja.

Ukiacha wiki ya nane, waliobaki wanaamka wakiwa wameshaionja dawa, na wenye usugu ndio wanaoongezeka. Kifua kikuu sugu kinatibiwa, lakini kwa dawa nyingine zenye uangalizi mkubwa zaidi. Yule dereva alimaliza dozi yake. Nimewaona pia ambao hawakumaliza, na wengine wao waliambiwa na mtu kwenye duka la dawa kwamba "ukipata nafuu inatosha". Ushauri huo ni wa hatari, asiuamini mtu.

Kila nikipima taifodi naambiwa ninayo. Inawezekana?

Inategemea umepimwaje. Kipimo cha Widal kinachotumika sana mitaani hakimtafuti bakteria, kinatafuta kingamwili dhidi yake. Kingamwili hubaki baada ya ugonjwa kuisha, na zile za *Salmonella* wengine huweza kukichanganya kipimo. Kwa hiyo jibu la "ipo" mwezi hadi mwezi halina maana kwamba unaumwa mwezi hadi mwezi.

Kipimo cha uhakika zaidi ni kuotesha damu, nacho kina shida yake inayoturudisha kwenye mada. Mgonjwa wa taifodi huwa na takribani bakteria mmoja tu katika kila mililita ya damu, na zaidi ya nusu yao wako ndani ya seli. Uboho una mara kumi ya hapo, kwa sababu ndiko makrofaji zilizowabeba zilikokaa. Ndiyo maana mhudumu akitaka kukutoa damu ya kutosha, mililita kadhaa, kabla hujameza antibayotiki yoyote, usimwone mchoyo wa huruma. Anamtafuta mmoja aliyejificha.

Dawa nazo zinatofautiana kwa hilo. Jentamaisini huua *Salmonella* vizuri kwenye sahani ya maabara lakini huingia ndani ya seli kwa shida, hivyo haitegemewi kwa taifodi. Azithromaisini hujikusanya ndani ya seli, ikamfuata alipo.

Kuna chakula au dawa ya kuongeza nguvu ya makrofaji?

Swali hili huja pamoja na chupa: asali yenye tangawizi, unga wa mlonge, vidonge vya vitamini D. Nitaanza na vitamini D, maana ina hoja. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba makrofaji ya binadamu ikiguswa kipokezi chake cha Toll huitumia vitamini D kutengeneza kathelisidini, protini inayoua bakteria wa kifua kikuu. Ikaleta matumaini makubwa. Kisha ikajaribiwa kwa watu. Hapa hapa Dar es Salaam watu 4,000 wanaoishi na VVU walioanza ARV waligawanywa, nusu wakapewa vitamini D kwa mwaka, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha kupungua kwa vifo wala kwa kifua kikuu cha mapafu kwa ujumla. Kinachotokea kwenye sahani hakilazimiki kutokea kwa mtu.

Kinachosaidia kwa ushahidi ni kushiba. Nchini India, katika jimbo la Jharkhand, familia za wagonjwa zilipewa chakula cha ziada, na mwaka 2023 ikaripotiwa kwamba visa vipya vya ugonjwa katika familia hizo vilipungua kwa takribani asilimia 40. Maharage, dagaa, mayai na mboga za majani vinanunulika soko lolote la jiji hili. Sigara hudhoofisha makrofaji za mapafu. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huzichelewesha. Asali na mlonge si vibaya kama chakula, ila visichukue nafasi ya dozi.

Mnajuaje haya yote, wakati seli haionekani kwa macho?

Njia ya msingi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Damu ya mtu aliyejitolea huchujwa, seli nyeupe ziitwazo monositi hutengwa na kulishwa kwa muda wa wiki moja hivi hadi ziwe makrofaji. Huwekewa bakteria. Kisha humwagiwa jentamaisini, ileile isiyoingia kwenye seli kwa urahisi: walio nje hufa, walio ndani hubaki. Seli hupasuliwa, kilichomo huoteshwa, na makoloni, yaani vikundi vya bakteria vilivyoota, huhesabiwa. Udhaifu wa dawa umegeuzwa kuwa kifaa. Baadaye unaweza kuondoa jeni moja, cGAS kwa mfano, na kuhesabu tena.

Nimekohoa wiki mbili. Nianzie wapi?

Kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe. Kupima na kutibiwa kifua kikuu hakulipiwi. Utapewa kikopo chenye mfuniko. Toka nje penye upepo, mbali na watu, kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Usituletee mate. Mate yametoka mdomoni, na tunayemtafuta yuko chini kwenye vifuko vya hewa, ndani ya makrofaji. Mashine ya GeneXpert husoma DNA yake kwa muda usiofika saa mbili na kusema pia kama anaisikia rifampisini. Funga mfuniko vizuri, andika jina lako kwenye kikopo chenyewe na si kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana.